Acheni Kuchonga Flaiwili

Kuna swali limetuchosha mafundi wa Buswelu, hapa Mwanza: "Fundi, nimeongeza presha ya tabo, sasa flaiwili niichonge nipunguze kilo ngapi?" Analiuliza mwenye Impreza, analiuliza mwenye Forester ya tabo, analiuliza mwenye Mark II ya 1JZ aliyetoa giaboksi ya otomatiki akafunga ya manyuali. Anayeuliza ameshaamua kwenda kwa mchongaji; kinachomsumbua ni idadi ya kilo tu. Jibu langu ni sifuri, na nitaeleza kwa kirefu ili nisiulizwe tena.

Imani yenyewe inasema flaiwili nyepesi inaongeza nguvu za injini. Haiongezi hata moja. Nguvu zinatokana na hewa na mafuta yanayoungua ndani ya silinda. Flaiwili inahifadhi mzunguko tu, na ikiwa nyepesi injini inapanda resi upesi zaidi. Faida hiyo ipo, lakini ipimeni kwa namba kabla ya kuishangilia.

Chukua Impreza ya gia tano yenye difu ya 4.444. Toa kilo nne kwenye flaiwili yake. Kwa hesabu ya kawaida ya mzunguko, gia ya kwanza gari litaenda kana kwamba umeshusha mzigo wa kilo 100 hivi. Gia ya pili faida inashuka hadi kilo 30 hivi. Gia ya tano hazifiki kilo tano. Yaani ukiwa kasi kubwa barabara ya Kisesa, pale unapotaka kuwaacha wenzako, kuchonga kote kule kumekupa faida ya begi moja la nguo.

Na hapo mwanzoni mwa gia ya kwanza, palipo na faida, ndipo injini ya tabo ilipo dhaifu kuliko popote. Tabo bado haijajaza. Kinachosaidia kulisogeza gari ni mzunguko uliohifadhiwa kwenye flaiwili. Ukiupunguza, gari linazima kwenye mlima wa Bugando likiwa na watu wanne, na wewe unajibu kwa kupiga resi zaidi na kuiachia klachi polepole zaidi. Umenunua wepesi, umelipa kwa joto.

Joto hilo nalo lina hesabu. Gari la kilo 1,500 likitoka kusimama hadi kilomita 36 kwa saa huku klachi ikiteleza, klachi inameza takriban kilojuli 75. Sehemu kubwa inaingia kwenye uso wa flaiwili na wa presha pleti. Flaiwili iliyobaki nusu ya uzito wake inapanda joto karibu mara mbili kwa kazi ileile. Itoe baada ya miezi michache uitazame kwenye mwanga: utaona madoa ya bluu yamejipanga kuzunguka uso, na kati yake nyufa nyembamba kama unywele zikitoka ndani kuelekea nje. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, hicho ni chuma cha kutupa.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linahusu miguu na maisha ya watu. Flaiwili nyingi za asili ni za chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho kinavumilia kubanwa, hakivumilii kuvutwa. Flaiwili ya upana wa sentimita 28 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kilomita 369 kwa saa. Kipande cha gramu 100 tu pale ukingoni kinavutwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 767 hivi. Ukizidisha mizunguko mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Mchongaji naye, akijua kwamba uzito wa ukingoni ndio wenye athari kubwa, anakula chuma hukohuko, karibu na ringi ya meno ya stata, kisha anatoboa matundu ili kupunguza zaidi. Kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia. Ikipasuka, kinachoizuia isifike miguuni mwako ni ganda la aluminiamu la giaboksi na bati la sakafu. Taasisi ya SFI ya Marekani imeweka kiwango namba 1.1 mahsusi kwa flaiwili na klachi za mashindano. Hakuna anayehangaika kuweka kiwango cha usalama kwa kitu kisicho na hatari.

Wapo wanaonijibu kwa Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza. Gari lile liliandaliwa na Prodrive ya Uingereza, na vipuri vyake vilibuniwa kwa mashindano tangu kwenye karatasi. Halikuwa Forester iliyochongwa kwa kukisia.

Tusichanganye mambo: kusawazisha uso wa flaiwili kwa kuondoa tabaka jembamba, ndani ya kipimo cha mtengenezaji, ni kazi halali na ya lazima unapofunga klachi mpya. Ila flaiwili yenye springi ndani, kama zilivyo baadhi ya Subaru za tabo za kuanzia 2006, haichongwi kabisa.

Swali sahihi ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, na inafika lini. 1JZ yenye VVT-i inatoa nyutoni mita 378 kwenye mizunguko 2,400 tu. Ndiyo maana klachi ya tabo inateleza gia ya nne au ya tano, mizunguko ikiwa michache. Diski ya milimita 230 ya Impreza, ikibanwa kwa nyutoni 7,500, inabeba nyutoni mita 420 hivi. Anza na hesabu hiyo.

Machaguo ni haya. Injini haijaguswa: klachi kamili ya kiwango cha kiwanda na flaiwili yake ya asili, basi. Umeongeza toki kwa robo au theluthi: presha pleti yenye mbano mkubwa zaidi, diski ya kawaida ya duara zima yenye springi katikati. Diski ya kevla: itumie kwa upole kilomita 800 za mwanzo, isiungue hata mara moja. Diski ya vipande vya seramiki: ya mashindano, ukiifunga kisha ukapita foleni ya Buzuruga na Mabatini kila jioni, utajuta. Toki kubwa sana: diski mbili. Anayekwenda Geita hasubiri tena foleni ya kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwa hiyo klachi yake inapumua. Wa mjini achague laini. Kumbuka mbano mkubwa unasukuma krenki kila unapokanyaga, kwa hiyo weka gia huru kwenye taa. Badilisha pamoja beringi ya klachi, oili sili ya nyuma ya krenki na bolti za flaiwili. Ukitaka flaiwili nyepesi kweli, nunua ya chuma cha kufuliwa, iliyobuniwa hivyo na yenye cheti.

Kama fedha ya hiyo haipo, bakiza ya kiwanda, na punguza presha ya tabo hadi klachi yako iweze kuibeba. Na fundi unayesoma hapa, mteja akikuletea flaiwili ya asili akitaka uipunguze kilo, mrudishie mkononi.