Maji Yaliyo Chini ya Ardhi Hupimwaje?

Mwezi wa Aprili, miaka miwili iliyopita, mama yangu alimwita fundi wa visima nyumbani kwetu hapa Nkuhungu. Fundi akachimba, na alipofika mita 6 maji yakaanza kuchuruzika. Akaongeza mita 3 kwa taabu, huku vijana wake wakichota maji na tope, akajenga ukingo wa matofali, akapokea ujira wake. Kabla ya kuondoka alisema, "Mama, hapa umepata. Maji haya hayaishi." Akiba yote ya maandazi ilikuwa imekwisha siku hiyo. Mwezi wa Oktoba ndoo ilirudi na tope, na Novemba ikarudi kavu.

Majirani walimlaumu fundi. Mimi pia nilimlaumu, mpaka nilipoanza kujifunza mambo ninayotaka kuyaeleza katika makala hii. Fundi hakusema uongo. Alipima, na kipimo chake kilikuwa sahihi: siku ile maji yalikuwa mita 6 chini ya ardhi. Kosa lake, na letu sisi tuliomsikiliza, lilikuwa kudhani kwamba kipimo cha siku moja ni habari ya mwaka mzima. Tena siku yenyewe ilikuwa ya Aprili, mvua za Dodoma zilipokuwa zinaelekea kumalizika na ardhi imekwisha kunywa ya kutosha.

Basi, maji ambayo mtu hayaoni hupimwaje? Wengi watasema: dondosha jiwe, uhesabu mpaka usikie mlio. Wanafunzi wa Fizikia wanajua kanuni yake, kwamba umbali ni nusu ya mvuto wa dunia mara muda kwa muda. Jiwe likichukua sekunde 1.1, maji yako karibu mita 5.9 chini. Likichukua sekunde 1.2, yako karibu mita 7.1. Tazama basi: kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambalo kidole chochote hulifanya juu ya saa, limeleta kosa la zaidi ya mita moja. Kanuni ni njema lakini hapa haifai. Tena jiwe linachafua kisima.

Wengine watafunga jiwe kwenye kamba. Shida ni kwamba maji hayalizuii jiwe, kwa hiyo mkono hausikii lilipogusa. Dawa yake ni rahisi: badala ya jiwe, funga kopo tupu la nyanya, mdomo ukitazama chini. Likigusa uso wa maji hutoa mlio mzito ambao hata aliye nyuma yako atausikia. Inua kidogo, shusha tena, mpaka uwe na hakika, kisha shika kamba mahali inapopita ukingoni. Lakini kamba nayo ina hila zake. Ya katani ikilowa hukaza na kufupika, na ya nailoni hunyumbuka kwa uzito. Mafundo niliyoyafunga kila nusu mita mwezi wa Januari hayakuwa ya nusu mita mwezi wa Machi.

Njia iliyonipendeza kuliko zote hutumia kitu kinachopatikana katika kila darasa. Chukua utepe wa chuma wa mita 30, ule unaotumika kupimia viwanja, uupake chaki sehemu yake ya mwisho kiasi cha mita moja, na kuufunga uzito mdogo. Ushushe kisimani mpaka ujue umezama kidogo, na hakikisha kwamba namba kamili, mathalani mita 8, iko sawasawa na alama ya ukingoni. Uvute juu. Chaki iliyolowa imebadilika rangi, nawe utasoma imelowa hadi wapi. Ikiwa sentimita 37 zimelowa, toa 0.37 katika 8.00, utapata mita 7.63. Kwa njia hii mtu mwangalifu hukosea kwa milimita chache tu, na hakuna betri ya kununua.

Wapimaji wa serikali na wa vyuo hutumia utepe wenye nyaya mbili ndani yake. Ncha zikigusa maji, umeme hupita na kengele ndogo hulia juu. Sisi tulijaribu kuutengeneza kwa betri nne za tochi na balbu, tukashusha, na balbu haikuwaka. Tulidhani waya umekatika. Mwalimu wetu akacheka, akatuambia tukapige hesabu. Maji ya kisima hupitisha umeme kwa sababu ya chumvi iliyoyeyuka ndani yake, lakini hayapitishi kama shaba. Tukichukua kwamba ukinzani kati ya ncha zetu ni omu 1,000, basi kwa volti 6 mkondo hauwezi kuzidi miliampea 6, ilhali balbu ya tochi inataka karibu 300. Tukaweka badala yake kitaa chekundu kama kile kinachowaka kwenye redio kuonyesha kwamba imewashwa. Kikang'aa mara moja.

Yafaa niseme pia juu ya desturi za upimaji, maana vifaa vizuri mikononi mwa mtu mvivu havisaidii. Hapana budi kupima kutoka alama ileile kila mara. Sisi tulipaka rangi kwenye tofali moja. Hapana budi kupima alfajiri kabla ya mtu kuchota, kwa kuwa kisima kilichochotwa hushuka na huhitaji muda wa kupanda tena. Na hapana budi kuandika ulichokiona. Mwezi wa Novemba kisima chetu kilipokauka tena, mdogo wangu aliandika 0 kwenye daftari. Nikamwuliza, "Sifuri maana yake maji yako wapi?" Akafikiri, akaona kwamba sifuri ni maji yaliyofika ukingoni! Kisima kikavu cha mita 9 hakisemi kwamba maji hayapo. Kinasema tu kwamba yako chini ya mita 9, mahali ambapo kifaa chetu hakifiki. Tukaandika "zaidi ya 9.00." Kila chombo cha kupimia duniani kina mwisho wake wa namna hii, na mtu asiyeujua mwisho wa chombo chake atasema "hakuna" pale ambapo angepaswa kusema "sikuona."

Sasa niwapeleke Makutupora, kaskazini ya mji wetu, ambako visima virefu vimekuwa kwa miaka mingi chanzo kikuu cha maji ya bomba ya Dodoma. Huko kuna kitu ambacho wenyeji wengi wa Dodoma hawakijui, ijapokuwa wataalamu wa nchi za mbali wanakijua. Tangu miaka ya 1950 watu walikuwa wakipima kina cha maji katika visima vya pale na kuandika. Serikali zilibadilika, vipimo vya futi vikawa vya mita, wapimaji walistaafu, na namba ziliendelea kuandikwa. Mwaka 2013 kumbukumbu hizo, za miaka 55, zilizokusanywa upya na kuunganishwa, zilitolewa katika jarida la kisayansi la Nature Climate Change na Richard Taylor wa London pamoja na wenzake, miongoni mwao Lister Kongola, Emmanuel Nahozya na Hosea Sanga.

Waliona nini? Mtu angetazamia kwamba maji hupanda kila masika na kushuka kila kiangazi, na kwamba mvua ikiongezeka maradufu maji ya chini nayo huongezeka maradufu. Sivyo ilivyo. Maji ya Makutupora hushuka kwa miaka kadhaa mfululizo, hata katika miaka ambayo mvua imenyesha ya kawaida. Halafu huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na maji hupanda kwa ghafula. Misimu saba tu ya mvua kubwa ilileta asilimia 60 hivi ya maji yote yaliyoingia ardhini katika miaka ile 55. Mmojawapo ni ule wa 1997 na 1998, ambao wazee wetu bado wanauita mvua za El Nino.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, lakini jua na upepo wetu vinaweza kukausha zaidi ya milimita 2,000 katika sinia la maji lililowekwa uwanjani. Mvua ndogo hulowanisha udongo wa juu, mizizi hunywa, jua humaliza. Ni mvua inayozidi uwezo wa jua, tena inayofanya mto wa Kinyasungwe Ndogo utiririke kwa siku nyingi juu ya mchanga wake, ndiyo inayopata nafasi ya kuzama chini kabisa. Mvua za namna hiyo hutegemea hali ya joto la bahari ya Pasifiki na ya bahari yetu ya Hindi.

Fikirini basi kama mpimaji mmoja wa Makutupora angepima miaka mitano tu, miaka ya kushuka. Angeandika kwamba maji yanakwisha na mji uhamishwe. Mwingine angepima mwaka 1998 peke yake, naye angesema kama fundi wetu: maji haya hayaishi. Wote wawili wangekuwa na utepe sahihi.

Kuna njia nyingine za kisasa, nazo nitazipitia upesi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, hasa yale ya miaka ya mwanzo ya 1960, yalitia katika mvua aina ya haidrojeni iitwayo tritiamu, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 12 na kidogo. Kwa kuipima, wataalamu waliweza kujua kama maji ya kisima yalinyesha kabla au baada ya mabomu hayo. Tangu 2002 mpaka 2017 setilaiti mbili zilifuatana angani zikiwa mbali kiasi cha kilomita 220, zikipima badiliko la umbali kati yao lililo dogo kuliko unene wa unywele. Zilipopita juu ya nchi yenye maji mengi, mvuto ulizidi kidogo na umbali ukabadilika. Nyingine mbili zilirushwa 2018 kuendeleza kazi hiyo. Ni ajabu kubwa. Lakini setilaiti hizo huona eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja, na Makutupora peke yake haionekani. Kwa hiyo mtu mwenye utepe bado anahitajika.

Jambo moja sharti nilitaje kabla sijasahau, kwa ajili ya wazazi. Kujua kina cha maji si kujua usafi wake. Mwaka 1996 mtaalamu Hudson Nkotagu alitoa utafiti juu ya naitreti nyingi katika maji ya chini ya Dodoma, na mashimo ya vyoo ni moja ya njia zinazoingiza naitreti katika maji ya namna hiyo. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi naitreti. Nyumbani kwetu maji ya kisima ni ya kufulia na kumwagilia mchicha. Ya kunywa ni ya bomba.

Nirudi kwenye kisima chetu. Tangu Januari ya mwaka jana nimekipima kila Jumamosi. Kwa kuwa hukauka, nilimwomba jirani yetu, ambaye nyumba nzima tunamwita Babu, aniruhusu kupima na chake, chenye mita 14, hatua 30 tu kutoka kwetu. Alinitazama nilivyokuwa nikipaka chaki utepe, akasema, "Mjukuu wangu, unakifundisha kusoma?" Lakini aliniruhusu. Maji yake yalikuwa chini kabisa juma la kwanza la Desemba: mita 11.20. Kisha, kwa mpira mwembamba uliojaa maji, kama mafundi wanavyosawazisha msingi wa nyumba, tuliona kwamba ukingo wake uko juu ya wetu kwa sentimita 80. Kwa hiyo, ikiwa maji ya chini yamelala sawasawa kati ya visima viwili, kwetu yalikuwa mita 10.40.

Nilimwonyesha mama mchoro. Aliutazama kwa muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo tuchimbe mpaka wapi, na lini?" Nikamjibu kwamba mita 13, na tuchimbe mwisho wa Novemba maji yakiwa chini, si Aprili. Akauliza tena kama mwaka huo uliopimwa ulikuwa mbaya au mzuri. Hilo sikuweza kumjibu, maana daftari langu lina mwaka mmoja na nusu tu. Mama akasema basi tuchimbe mita 14 kama Babu. Fundi ameitwa aje tarehe 25 Novemba.