Ua la manjano na majani ya sokwe



Siku tulipofyeka nyasi nyuma ya bweni, mwenzetu mmoja alichuma jani la lile ua dogo la manjano, akasema: «Hii ni dawa ya minyoo. Sokwe wenyewe wanaikula. Tutafune!» Wengine walitaka kutafuna kweli. Ndiyo sababu tunaandika habari hizi.

Ua hili wataalamu wanaliita Aspilia. Liko jamaa moja na alizeti. Linaota katika pori lenye miti michache, katika manyasi na kando ya njia. Kamata jani lake: linakwaruza vidole sawa ulimi wa paka, kwa sababu limejaa nywele fupi na ngumu. Shika neno hilo, tutalirudilia.

Mwenzetu hakusema uongo. Kule ngambo ya Ziwa Tanganyika, katika Tanzania, kuna misitu ya Gombe na Mahale. Katika mwaka 1983, Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika kwamba sokwe wa kule wanachuma majani machanga ya Aspilia moja moja, wanayakunja mdomoni kwa ulimi, kisha wanameza bila kutafuna. Majani yanatoka katika mavi yakiwa mazima. Basi, si chakula. Sasa ni kitu gani?

Mwaka 1985 wataalamu wengine walitangaza kwamba wamepata ndani ya majani yale dawa yenye nguvu, jina lake thiarubrini, inayoua minyoo. Watu walifurahi sana. Lakini katika miaka ya 1990 majani yalipimwa tena, na dawa ile haikuonekana ndani yake.

Jibu lilitoka katika mavi! Michael Huffman na wenzake waliandika mwaka 1996 kwamba minyoo ya matumbo ilitoka pamoja na majani, mingine ingali hai na inajinyonga-nyonga, mingine imenaswa katika mikunjo ya jani. Dawa ingeiua. Jani zima lenye kukwaruza linasumbua tumbo, tumbo linasukuma kila kitu nje kwa haraka, na minyoo inaondoka. Ni sawa ufagio, si sumu. Tena sokwe wanameza majani ya mimea mingine zaidi ya 30, na karibu yote yanakwaruza. Hata hapa Kongo, bonobo wa Lomako wanameza majani yenye nywele ya mmea mwingine, Manniophyton fulvum.

Sasa tazameni: yule anayetafuna jani amekwisha kuvunja ufagio. Na yule atakayelimeza zima asijidanganye: minyoo ya sokwe ile si askarisi inayotusumbua sisi. Mwenye minyoo aende dispensari apewe vidonge, anawe mikono, atumie choo.

Sisi tumejifunza neno lingine. Wataalamu waliona kitu cha kweli, wakakieleza vibaya, kisha wakarudi kupima na kusahihisha. Kuona ni kitu kimoja, kujua sababu ni kingine. Hata katika masomo yetu, asiyepima mara ya pili anaweza kukosea ingawa macho yake yameona vizuri.

Yule mwenzetu tunamshukuru. Bila yeye tusingeuliza.

Sisi wanafunzi wa biolojia, mwaka wa tano