Hoja na Nguvu

Wahenga walinena: akili nyingi huondoa maarifa. Wasomi wa Ulaya nao wamebishana miaka mingi juu ya jambo hilo, na nionavyo mimi, ugomvi wao si wa wasomi peke yao.

Mwaka 1784 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliwahimiza watu wathubutu kutumia akili zao wenyewe, wasiongozwe kama watoto. Zama zake zikaitwa Zama za Mwangaza. Ilitarajiwa kuwa ujinga ukiondoka, na dhuluma itaufuata.

Haikuwa hivyo. Max Horkheimer na Theodor Adorno, waliokimbia Ujerumani ya Hitler, walichapisha kitabu Amsterdam mwaka 1947. Waliuliza: vipi nchi ya elimu na viwanda ikaingia katika unyama? Jawabu lao lilikuwa chungu. Akili iliyozoea kuyatawala maumbile mwishowe humtawala na binadamu. Hutafuta njia ya mkato, wala haiulizi njia hiyo yaelekea wapi.

Jürgen Habermas, aliyekuwa msaidizi wa Adorno, hakuridhika. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 alisema iko akili ya namna nyingine, nayo ni ya kufahamiana. Watu wakizungumza kwa nia ya kuelewana, ishinde hoja iliyo bora, si cheo wala fedha.

Michel Foucault wa Ufaransa hakukubali. Katika mahojiano ya mwaka 1984, mwaka aliofariki, alisema kuwa mazungumzo yasiyoingiliwa na nguvu ni ndoto tu. La kufanya ni kuupunguza ubabe. Naye Nancy Fraser wa Marekani, mwaka 1990, alikumbusha kwamba haitoshi kumfungulia mtu mlango: wanawake na maskini waweza kukaribishwa kikaoni na bado wasisikizwe.

Ndugu wasomaji, onyo hilo nalipokea kwa mikono miwili. Nani hajaona kikao ambacho uamuzi umekatwa kabla watu hawajaketi? Lakini hata anayelalamika kuwa amezibwa mdomo hutoa hoja, na hutaka isikizwe kwa haki. Tukisema hoja zote ni nguvu iliyovaa kanzu, tumerudi kwenye mwenye nguvu mpishe. Mwenye mali ana mali yake, na mwenye askari ana askari wake. Mnyonge akinyang'anywa hoja, atabaki na nini?