Kifaa cha Kusikia Kikiwa Sikioni, Kwa Nini Mtu Bado Huchoka?

Mteja anayesimama mbele ya kibanda cha samaki sokoni Otonglo na kuuliza bei hushindana na mambo mengi. Malori ya kwenda Busia yanapita karibu, makondakta wa matatu wanaita abiria wa Kisian na Maseno, bodaboda wanapiga honi, na mara kwa mara ndege inashuka kuelekea uwanja wa Kisumu. Mwenye masikio mazima huchuja kelele hizo zote bila kujua kwamba anachuja. Anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia, au mashine ya masikio kama wengi wanavyoiita, naye huipata bei, lakini kwa kuifanyia kazi. Jioni akifika nyumbani huenda asitake hata redio iwashwe. Jamaa zake hushangaa, kwa kuwa mchana kutwa alikuwa ameketi tu.

Huo ndio uchovu wa kusikiliza, na kwa miaka mingi sasa umekuwa ukichunguzwa katika maabara za usikivu. Wakaazi wa kaunti wanafaa kuufahamu kwa sababu ni mojawapo ya mambo yanayoweza kumfanya mtu avue kifaa alichokitafuta kwa shida na kukiacha kabatini. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba miongoni mwa wale ambao wangefaidika na kifaa, ni asilimia 17 tu wanaokitumia. Bei na uhaba wa wataalamu ni sehemu kubwa ya sababu. Hata hivyo, kupata kifaa si mwisho wa safari.

Chukua maneno mawili ambayo Mkenya huyatumia kila siku: saa sita na saa tisa. Sauti za i na a ni zilezile, tena kwa mpangilio uleule. Kinachotofautisha maneno hayo ni mahali pa s na mahali pa t, na hizo ni sauti nyembamba, za juu, zisizo na nguvu. Masikio yanayoharibiwa na umri, au na kelele za miaka mingi za karakana ya jua kali, kwa kawaida huanza kupoteza sauti za aina hiyo. Irabu nzito hubaki. Ndiyo maana wengi hulalamika, "Nasikia mtu anaongea, lakini sielewi anasema nini."

Ubongo hauliachi pengo hilo wazi. Hutafuta neno linalofaa kwa kutumia midomo ya msemaji, mada ya mazungumzo na mazoea. Ikiwa matatu ya saa sita imeshaondoka, basi lazima ni saa tisa. Tatizo ni kwamba wakati hesabu hiyo inafanyika, msemaji amekwisha kuingia sentensi ya pili, nayo inabidi ihifadhiwe kichwani hadi ya kwanza itatuliwe. Kazi hiyo hujirudia mara mamia kwa siku. Pale mazungumzo yanaporuka kutoka Kijaluo hadi Kiswahili na kugusa Kiingereza, jambo la kawaida kabisa hapa, mzigo huzidi, kwa sababu kusikiliza lugha usiyoimudu vyema katikati ya kelele huhitaji jitihada zaidi hata kwa mwenye masikio mazima.

Kifaa hupunguza mzigo huu lakini hakiuondoi. Kazi yake kuu ni kuongeza nguvu ya sauti, na vilivyo bora zaidi hujaribu kuzipendelea sauti zinazotoka mbele na kupunguza mngurumo. Ila hakijui kwamba mvaaji anamtaka muuza omena wala si mhubiri mwenye kipaza sauti upande wa pili wa barabara. Zote mbili ni sauti za binadamu. Na sikio la ndani likishaharibika, hata sauti iliyoongezwa nguvu hufika kwenye ubongo ikiwa na ukungu.

Je, jitihada inapimwaje, ikiwa haionekani? Jicho ni mojawapo ya njia. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba mboni ya jicho hupanuka kadiri mtu anavyobeba tarakimu nyingi zaidi kichwani. Watafiti wa usikivu waliichukua njia hiyo. Huko Amsterdam, Adriana Zekveld na Sophia Kramer wamewasikilizisha watu sentensi zilizochanganywa na kelele huku kamera ikifuatilia mboni zao. Kelele inapozidi maneno, mboni hutanuka. Lakini tafiti za aina hii zimeonyesha jambo jingine linalogusa zaidi: ugumu ukipita kiasi, mboni huanza kusinyaa tena. Mtu amekata tamaa. Nyanya anayeketi kimya kwenye matanga huku wenzake wakisimulia huenda hajapuuza mtu yeyote, amefika hapo.

Njia nyingine ni kumpa mtu kazi mbili kwa pamoja. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Candace Hicks na Anne Marie Tharpe, waliwataka watoto warudie maneno waliyoyasikia na wakati huohuo wabonyeze kitufe kila taa inapowaka. Watoto wenye upungufu wa kusikia walichelewa zaidi kubonyeza. Nguvu iliyopaswa kuiona taa ilikuwa imetumika kwenye maneno. Mwaka 2013 Benjamin Hornsby wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwapima watu wazima wakiwa na vifaa na wakiwa bila vifaa. Bila vifaa, wepesi wao wa kuitikia ulififia kadiri kazi ya kusikiliza ilivyoendelea. Wakiwa navyo, walidumu vizuri zaidi. Kwa hivyo anayevua kifaa mchana kutwa ili apumzike, kisha akaendelea kuzungumza na watu, anajiongezea kazi.

Vipimo hivi havikubaliani kila mara na anachosema mtu mwenyewe. Mboni inaweza kutulia ilhali mwenye jicho anasema amechoka kabisa. Ndiyo maana timu ya Vanderbilt ilitunga pia orodha ya maswali kuhusu uchovu wa kusikiliza, ikiwa na toleo la watu wazima, la watoto, la wazazi na la walimu. Katika kaunti isiyo na kamera za mboni, kuuliza ndiyo njia iliyo karibu. Kipimo cha kawaida cha usikivu hufanywa chumbani pasipo kelele, mgonjwa akisubiri milio midogo, na hakisemi lolote kuhusu hali yake saa kumi na moja jioni.

Suala hili lina uzito wa pekee shuleni. Darasa lenye wanafunzi wengi, kuta tupu zinazorudisha mwangwi na paa la mabati mvua ikinyesha ni mahali pagumu kwa sikio lolote. Mtoto mwenye kifaa anaweza kufuata somo la hisabati asubuhi kisha akaonekana mzembe baada ya chakula cha mchana. Mwalimu akimwita mvivu amekosea utambuzi. Kumketisha mbele, mbali na dirisha la barabarani, kuandika mambo makuu ubaoni, na kumwachia dakika chache za utulivu kabla ya somo linalohitaji kusikiliza sana ni hatua zisizohitaji bajeti. Kwa watu wazima, utafiti wa Kramer na wenzake wa mwaka 2006 nchini Uholanzi ulionyesha kwamba wafanyakazi wenye upungufu wa kusikia walichukua likizo za ugonjwa zinazotokana na uchovu na msongo mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

Nyumbani, dawa ya kwanza ni umbali. Mahali pa wazi, kila unapoupunguza umbali kati yako na msikilizaji kwa nusu, sauti yako humfikia ikiwa na nguvu zaidi kwa takriban desibeli 6. Kusogea kutoka mita nne hadi mita moja ni nyongeza ya desibeli 12 bila kupiga kelele hata kidogo. Kupiga kelele hupotosha midomo na kuchafua sauti. Zima televisheni kwanza, uso wako uwe kwenye mwanga, taja mada kabla ya kuingia ndani yake, na asipoelewa, badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale. Badala ya "saa tisa", sema "alasiri, saa tisa".

Kifaa chenyewe nacho huhitaji uangalizi, hasa katika joto na unyevu wa kandokando ya ziwa. Jasho huingia ndani, nta huziba mdomo wa kifaa, na sauti hufifia polepole hivi kwamba mvaaji hatambui. Anachotambua ni kuchoka. Usiku kivuliwe, kifuniko cha betri kiachwe wazi, na kiwekwe kwenye kopo lenye kikausha unyevu. Betri ndogo za zinki huanza kutumika mara kibandiko kinapobanduliwa, iwe kifaa kimewashwa au la, kwa hivyo zisibanduliwe mapema.

Kelele yenyewe haitoki mikononi mwa mvaaji. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele. Kwa kawaida suala hilo hujadiliwa kama kero ya usingizi. Kwa mtu anayevaa kifaa, kipaza sauti kilichoelekezwa sokoni ndicho huamua kama atafanya biashara siku hiyo au atarudi nyumbani mapema.

Mkaazi anayechoka isivyo kawaida akiwa na kifaa arudi kwenye kliniki ya masikio, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia. Mzazi anaweza pia kuuliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu vituo vya EARC vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, mpango ulioanzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Akifika huko asiishie kusema kwamba kifaa "hakifanyi kazi". Aeleze ni mahali gani humchosha, ni saa ngapi uchovu huanza, ni sauti za nani humpotea, na huchukua muda gani akiwa kimya kabla ya kujisikia sawa. Kwa maelezo hayo mtaalamu anaweza kurekebisha mipangilio ya kifaa, kubadilisha kipande cha sikioni, au kuangalia kama sikio la pili nalo linahitaji chake.