Mtoto asifichwe, siri yake itunzwe

Leo katika ukurasa huu tunazungumza juu ya watoto wenye mahitaji maalum: mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mwenye kifafa, asiyesikia, asiyeona vizuri, aliyechelewa sana kukaa au kutembea, au yule ambaye akili yake inakua polepole kuliko ya wenzake. Watoto hawa wapo katika kila zoni ya kambi yetu. Wengine tunawaona wakicheza karibu na bomba la maji. Wengine tunaambiwa tu kwamba wapo, lakini tunapopita nyumba kwa nyumba tunakuta pazia limeshushwa, na mzazi anatuambia watoto wote wako shule.

Mzazi wa namna hii tusimhukumu haraka. Mara nyingi hamfichi mtoto kwa sababu hampendi. Anaogopa maneno ya watu. Kambini nyumba zimekaribiana, na habari iliyosemwa asubuhi bombani inafika kwenye foleni ya mgao kabla ya saa sita mchana. Wahenga wametuachia methali mbili juu ya jambo hili. Moja inasema: mficha maradhi kifo humuumbua. Nyingine inasema: siri ya mtungi aijuaye kata, yaani mambo ya ndani ya nyumba ni ya wenye nyumba. Sasa mzazi afuate ipi?

Swali hili si la wakimbizi peke yao. Hata viongozi wakubwa wa dunia, wenye mali na walinzi mlangoni, wamezaa watoto wenye mahitaji maalum na wakalazimika kulijibu. Tutazame familia tatu, kisha turudi nyumbani kwetu.

Binti aliyefichwa

John Kennedy, aliyechaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 1960, alikuwa na mdogo wake wa kike aitwaye Rosemary, aliyezaliwa mwaka 1918. Rosemary alichelewa kujifunza. Hata hivyo alijua kusoma na kuandika kiasi, alipenda kucheza dansi, na mwaka 1938, baba yake alipokuwa balozi nchini Uingereza, alipelekwa mbele ya Mfalme pamoja na mabinti wengine wa wakubwa. Wageni wengi hawakutambua kwamba ana tatizo, kwa kuwa familia ilifanya kila njia lisijulikane.

Baadaye alianza kuwa na hasira na kutoroka usiku. Baba yake aliogopa aibu kwa familia. Mwaka 1941 alikubali binti huyo apasuliwe ubongo, upasuaji ambao madaktari fulani wa wakati ule walidai unatuliza watu. Matokeo yalikuwa mabaya kabisa. Rosemary alipoteza uwezo wa kutembea na wa kuongea, ikabidi afundishwe kutembea upya, na maneno aliyobaki nayo yalikuwa machache. Akapelekwa mbali, katika nyumba ya matunzo, na kwa miaka mingi ndugu zake hawakumwona. Waliouliza habari zake waliambiwa kwamba anapenda utulivu, au kwamba anasaidia kufundisha watoto wenye ulemavu.

Mwaka 1962 dada yake Eunice aliona inatosha. Aliandika katika gazeti moja kubwa la Marekani kwamba familia ya Rais ina ndugu mwenye ulemavu wa akili. Wazazi wengi waliokuwa wakificha watoto wao walisoma na kuona kwamba hawako peke yao. Mwaka huohuo Eunice alianza kuwakaribisha watoto wenye ulemavu nyumbani kwake wacheze na kuogelea, na kutokana na kazi hiyo yakaja mashindano ya Special Olympics, ambayo kwa mara ya kwanza yalifanyika Chicago mwezi Julai 1968. Rosemary mwenyewe aliishi hadi mwaka 2005, akafariki akiwa na miaka 86.

Umeona, msomaji? Kilichomharibia Rosemary maisha kilikuwa hofu ya aibu, si akili yake ndogo.

Mtoto aliyetangazwa

Familia ya pili ni ya Gordon Brown, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, na baadaye Waziri Mkuu kuanzia 2007 hadi 2010. Mwezi Julai 2006 yeye na mke wake walipata mtoto wa kiume. Baada ya vipimo, wazazi waligundua kwamba mtoto ana ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi kuwa mazito sana katika mapafu, ugonjwa unaohitaji dawa na mazoezi kila siku ya maisha. Kabla hata hawajamaliza kulia na kuuliza madaktari maswali yao, gazeti moja la London lilitangaza ugonjwa wa mtoto huyo kwa nchi nzima. Alikuwa bado na umri wa miezi michache tu.

Gazeti lilisema halikuvunja sheria. Lakini miaka kadhaa baadaye mamlaka ya afya ya eneo lao huko Scotland ilikubali kwamba kuna uwezekano mkubwa mtumishi wake mmoja alizungumza habari za mtoto huyo bila ruhusa, ikaiomba familia radhi. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima, na katika ukurasa huu hatuandiki jina lake, kwa sababu hatuna haja nalo.

Wazazi hawa hawakumficha mtoto wao. Walimpeleka hospitali na wakawaambia madaktari kila kitu, kama inavyotakiwa. Walinyang'anywa kitu kimoja tu: haki ya kuchagua lini waseme, waseme nini, na wamwambie nani. Kama maumivu hayo yanamfika waziri, basi yanamfika zaidi mama ambaye habari zake zinatembea kutoka bloku hadi bloku.

Mkimbizi aliyekuwa na binti

Familia ya tatu ni ya Jenerali Charles de Gaulle wa Ufaransa. Wazee wetu kutoka Kongo wanalijua jina hilo, maana Januari 1944 alihutubia Brazzaville, ng'ambo ya mto kutoka mji ambao leo ni Kinshasa. Binti yake wa mwisho, Anne, alizaliwa tarehe 1 Januari 1928 akiwa na hali iitwayo Down. Hakuweza kuongea vizuri wala kujihudumia mwenyewe.

Wakati ule wenye fedha wengi wa Ulaya waliwapeleka watoto kama hawa kwenye nyumba za mbali na kuwasahau. De Gaulle na mke wake Yvonne walikataa. Anne alikaa nyumbani, akala mezani na ndugu zake, na alipokuwa na baba yake, yule askari mrefu mwenye uso mkali alimwimbia na kucheza naye. Mwaka 1940 jeshi la Ujerumani lilipoingia Ufaransa, Yvonne alikimbia kwa meli hadi Uingereza pamoja na watoto wake watatu. Anne, aliyekuwa na miaka 12, hakuachwa nyuma. Sisi tuliowahi kubeba mtoto mgongoni tukivuka mpaka tunajua uzito wa neno hilo.

Baba yake akawa mtu maarufu, na waandishi wakamfuata kila siku. Lakini Anne hakupelekwa mbele ya kamera ili baba asifiwe. Alijulikana kwa ndugu, marafiki na majirani, siyo kwa magazeti. Mwaka 1945 wazazi wake walianzisha mfuko wenye jina lake kwa ajili ya kuwatunza mabinti wenye ulemavu wa akili wasio na msaada, na sehemu ya fedha ilitoka katika vitabu alivyoandika baba yake. Anne alifariki Februari 1948 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 20. Baba yake alipofariki mwaka 1970 alizikwa kijijini, kando ya binti yake.

Tuongeze jambo moja la afya. Wakati Anne anazaliwa, watu waliwalaumu wazazi kwa hali ya Down. Mwaka 1959 watafiti wa Paris walionyesha chanzo chake: chembe za mwili wa binadamu kwa kawaida zina kromosomu 46, na mtoto mwenye Down ana 47. Hutokea mimba inapotungwa. Si uchawi, si laana, si kosa la mama.

Kipi ni siri na kipi si siri?

Sasa turudi kwenye methali zetu mbili. Zote ni za kweli, ila kila moja ina mahali pake.

Kwamba mtoto yupo, hiyo si siri. Mtoto aandikishwe kwenye kadi ya familia, aonekane siku ya uhakiki, apimwe uzito, apate chanjo zote kama wenzake, apelekwe shule na acheze nje. Kuna matatizo ambayo hayasubiri. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo akianza kufungwa plasta katika wiki za kwanza, miguu mingi inanyooka. Mtoto ambaye kichwa chake kinakua haraka kupita kiasi anatakiwa kufika kituo cha afya mara moja, maana maji yanayobana ubongo yanauharibu kila siku inayopita. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayefanyishwa mazoezi mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kukaa na kula vizuri. Kumfungia mtoto ndani si kutunza siri, ni kumnyima tiba.

Lakini jina la ugonjwa wake, kadi yake ya kliniki, historia ya mimba yake na picha ya mwili wake ni vitu vyake na vya wazazi wake. Kabla hujamwambia mtu, jiulize maswali matatu:

1. Mtu huyu atamsaidia nini mtoto wangu?
2. Ili asaidie, anahitaji kujua kiasi gani?
3. Mtoto wangu akikua na kusikia nilichosema, atajisikiaje?

Tuchukue mfano wa mtoto mwenye kifafa. Daktari aambiwe yote. Mwalimu, na jirani anayebaki na mtoto ukienda kuteka maji, waambiwe hivi: akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimshike kwa nguvu, degedege likizidi dakika 5 mkimbize kituo cha afya. Hayo yanatosha. Jirani hana haja ya kujua alianza lini, wala nani katika ukoo alikuwa nacho. Na yule anayeuliza bombani ili apate cha kusimulia, mjibu kwa upole: "Mtoto wangu anaendelea vizuri, asante."

Kuhusu picha, wageni wakija na kamera, au kijana wa jirani akiinua simu, una haki ya kusema hapana. Mtoto mwenyewe kama anaweza kueleza, naye aulizwe. Huduma za afya ni haki ya mtoto, si malipo ya picha.

Hata sheria inasema hivyo

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, Burundi mwaka 2014, na Kongo mwaka 2015. Kifungu chake cha 22 kinalinda siri za mtu mwenye ulemavu, pamoja na habari za afya yake, sawa na za mtu mwingine yeyote. Hakuna mahali kinaposema kwamba mkimbizi ameacha haki hiyo mpakani.

Kwa hiyo sisi wahamasishaji wa afya nasi tunabanwa. Hatutakiwi kutaja ugonjwa wa mtoto mbele ya majirani, wala kuita jina lake na tatizo lake kwenye foleni, wala kulisimulia nyumbani kwetu jioni. Ukiona mmoja wetu anafanya hivyo, mwambie msimamizi wa kituo cha afya, au andika na kutia katika sanduku la maoni. Huna haja ya kuogopa kwamba mtoto wako atanyimwa dawa.

Na wewe jirani ambaye mtoto wako ni mzima, una sehemu yako. Ukijua ya mwenzako, yabaki kwako. Waite watoto wote wacheze pamoja, wala usimwite mtoto kwa ulemavu wake wakati ana jina alilopewa na wazazi. Hujafa hujaumbika.

Mzazi mwenzetu uliyeshusha pazia, ukurasa huu tumeuandika kwa ajili yako. Mwambie mhamasishaji wa zoni yako neno moja tu: "Nina mtoto, nataka tuzungumze." Usipotaka aje kwako, na majirani waulize amefuata nini, mwombe mkutane kituoni, katika chumba chenye mlango unaofungwa. Njoo na mtoto. Yale mengine utayasema kwa kadiri unavyoona yanafaa.