Tusimdanganye mtoto anayekwenda kupasuliwa



Mama mmoja alitufikia na mtoto wake wa miaka sita, aliyezaliwa na mguu uliopinda. Siku ya upasuaji alikuwa amemwambia kwamba wanakwenda kununua biskuti. Mtoto alipoona watu waliofunika midomo, alipiga makelele, hata ikabidi watu wanne wamshike. Tangu siku ile, hata akiambiwa wanakwenda sokoni, anauliza: «Ni kweli, mama?»

Mama yule alifanya kwa huruma, tunamwelewa. Lakini mtoto mwenye ulemavu mara nyingi harudi hospitali mara moja tu. Kuna plasta za kubadilisha, viatu vya pekee, mazoezi, pengine kupasuliwa tena. Asipotuamini siku ya kwanza, safari yote itakuwa nzito.

Basi tumwambie kweli, kwa maneno machache. Mdogo aambiwe siku moja au mbili mbele. Mkubwa apewe hata wiki, apate kuuliza. Tusimwahidi kwamba hatasikia uchungu. Tumwambie atausikia akiamka, na dawa ya kuupunguza iko. Tena tuangalie neno «kulala». Kwetu marehemu naye tunasema amelala, na watoto wanasikia! Tumweleze kwamba huu ni usingizi wa dawa, mganga anamchunga wakati wote, kisha anaamka.

Njaa nayo inamtisha. Wengine wanamwonea huruma na kumpa uji kwa siri. Hiyo ni hatari: wakati wa usingizi ule, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Tumweleze sababu, asidhani anaadhibiwa, na tufuate saa tulizopewa na muuguzi.

Mtoto kiziwi hawezi kusoma midomo iliyofunikwa. Tupatane naye alama za mikono mapema. Asiyeona aombewe ruhusa ya kugusa kile kifuniko cha pua. Mwenye magongo ayakute kando ya kitanda anapoamka, maana ndiyo miguu yake.

Na sisi wakubwa? Mtoto anasoma uso wetu. Nyumbani kwa Yairo, Bwana Yesu aliwatoa nje waliokuwa wakilia, akawaacha baba na mama karibu na binti yao. Shangazi anayelia angojee uani.

Yule mtoto wa biskuti atarudi mwezi ujao kutolewa chuma mguuni. Safari hii mama yake amekwisha kumwambia. Ameuliza kama chuma hicho atapewa akibebe nyumbani.