Sindano, Degedege na Umbali wa Mlimani

Vizazi na vizazi Tanga na Pwani vimeonywa: mtoto wa degedege asichomwe sindano, atakufa. Kwanza afukizwe kinyesi cha tembo, aoshwe kwa dawa, ndipo apelekwe hospitali. Kinachosumbua ni kwamba walioonya hivyo walikuwa na ushahidi. Degedege mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Mtoto aliyekawizwa kwa mganga hufika zahanati hoi, huchomwa sindano, hukata roho, na msibani kila mtu anajua cha kulaumu. Hivyo uongo huzaa mashahidi wake wenyewe, na huwazaa wengi zaidi pale zahanati ilipo mbali.

Milima ya Usambara, mkoani Tanga, inaonyesha hilo waziwazi. Watafiti waliopima mbu huko walikuta maambukizi ya malaria yakipungua zaidi ya mara 1,000 kutoka mwinuko wa mita 300 hadi 1,700. Ni neema yenye mtego: mtoto wa juu hana kinga ya mwenzake wa Korogwe, kule tambarareni, na homa ikimpata humwangusha upesi. Wa Lushoto mjini akipoteza nusu siku, hospitali ipo jirani. Wa kitongoji ambako mgonjwa hubebwa kwa machela hadi barabarani, nusu siku hiyo ndiyo yote aliyokuwa nayo.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Washambaa wa milima hiyo na mwaka 1981 akaandika jinsi wanavyotafuta tiba, anatuzuia kumbebesha mama lawama. Kwa maelezo yake, mgonjwa aende wapi ni shauri la ndugu, na ndugu hao huhama kati ya mganga na hospitali bila kujiona wasaliti wa upande wowote. Basi bango linalomhimiza mama awahi hospitali linasema na mtu ambaye pengine hana kauli ya mwisho, wala nauli.

Wapo watakaopinga kwamba uongo huu ndio unaoua: utafiti wa Rufiji uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta karibu 8 kati ya 10 ya waliouawa na malaria walianzia tiba ya kisasa. Kweli. Ila hilo linamtaja tu mshirika wa uongo, yaani huduma dhaifu. Ipo dawa ya malaria, artesunate, inayowekwa njia ya haja kubwa kabla ya safari ya hospitali, nayo si sindano. Akabidhiwe nani huko juu: mhudumu wa afya wa kijiji, au mganga anayeitwa kwanza? Na akipewa mganga, nani atahakikisha safari inaanza usiku uleule?